Madumu Manne Chini ya Mlingoti

Mlingoti ulivunjika saa tatu na dakika chache asubuhi, Shemeji akiwa bado anakilalamikia kijiko chake.

“Mtu mzima mimi, kilo themanini na moja,” alikuwa akisema, “nakula kwa kitu cha kupimia dawa ya mtoto.” Alikiinua kwa vidole viwili ili Nahodha akione. Kilikuwa kijiko cha kawaida kabisa, ila kimekatwa mpini kwa msumeno. Katika mashua ile vijiko vyote vinne vilikatwa, na miswaki yote minne, na aliyeikata ni Nahodha mwenyewe.

“Gramu kumi na nne kila kijiko,” Nahodha alijibu bila kugeuka. Alikuwa ameshika usukani na macho yake yalikuwa kwenye wingu. “Haba na haba, shem.”

“Hujaza kibaba. Najua. Umeniambia tangu bandarini.”

Walikuwa mashemeji kweli. Shemeji alimwoa mdogo wake Nahodha, na kwa kuwa Nahodha alimwita Shemeji, wenzao wawili nao walimwita hivyo hivyo, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye pasipoti tu. Kazi yake ilikuwa umeme na mitambo. Utani wake ndio uliofanya maisha yavumilike katika chumba chenye vitanda viwili kwa watu wanne, ambamo zamu ya saa nne ikiisha unamwachia mwenzako godoro likiwa bado na joto na jasho lako, na ukigeuza mashua lazima uhamishe kila mfuko, kila tanga na kila pakiti ya chakula kikavu kuipeleka upande wa pili, mchana na usiku, ili uzito ukae panapotakiwa.

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mashindano. Walikuwa wa pili kati ya mashua kumi na moja. Katika bahari ile ya joto upepo hulala siku nzima, kisha huja na wingu jeusi, ukavuma nusu saa na kwenda zake. Nahodha mjuzi hulitumia wingu kama mtu anayedandia lori: ukilishika pembeni linakusogeza, ukiteleza ukaingia chini yake umekwisha.

“Nipunguze tanga?” aliuliza kwa sauti fundi wa matanga kutoka mbele. Alikuwa mrefu, mwembamba, na wote walimwita Sindano.

“Dakika mbili,” Nahodha akasema.

Hazikutimia. Upepo ulikuja kutoka upande usiotarajiwa. Mashua ililala ubavu, maji yakaingia mlangoni na kuteremka chumbani, kisha juu kukasikika mlio mmoja mkavu, na mita ishirini za mlingoti zikaanguka baharini pamoja na matanga yake. Nyaya ziling'oa reli yote ya nyuma, na reli ikaondoka na kile kifaa cha njano cha kuitia msaada kwa setilaiti. Mti mzito uliokuwa chini ya tanga kuu ulidunda sitahani mara moja, ukamwangukia Shemeji mguu wa kulia, chini ya goti.

Hakupiga kelele. Alisema, “Nahodha, mguu,” kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe.

Hapakuwa na muda wa kumwonea huruma. Mlingoti ulikuwa bado umefungwa kwa nyaya, na kila wimbi liliuleta na kuugonga ubavuni mwa mashua. Ubavu wenyewe ulikuwa mwembamba, maana nao ulipunguzwa uzito. Sindano alitambaa na mkasi mkubwa wa kukatia chuma akaanza kukata. Nahodha na Muuguzi waliupenyeza mpini wa akiba wa usukani chini ya ule mti, wakauinua, wakamvuta Shemeji kwa kwapa. Muuguzi alikuwa mfanyakazi wa chumba cha dharura huko nchi kavu. Hapa ndiye aliyewapikia, kama kumimina maji ya moto kwenye pakiti ni kupika. Aliutazama mguu mara moja tu, akavua shati lake akaukaza juu ya goti.

“Mfupa uko nje,” akamwambia Nahodha chini chini. “Nahitaji maji safi. Mengi.”

Waya wa mwisho ulikatika. Mlingoti ulizama wima, taratibu, na matanga ya thamani ya nyumba yakaufuata. Mita arobaini kutoka hapo kile kifaa cha njano kilikuwa kikielea na kupepesa taa yake, kikiwaita watu waje mahali ambapo wao wenyewe hawangekuwepo kesho.

Mchana walihesabu kilichobaki. Betri zilikuwa zimelowa, na bila betri mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ilikuwa sanduku tu. Simu ya setilaiti ilikuwa imekufa. Kamba ilijizungusha kwenye panga la injini, na hata ingetolewa, injini isingewaka. Tangi dogo la maji ya kunywa lilikuwa limeingia maji ya bahari. Kwenye chupa zao nne zilibaki lita tatu na nusu.

“Na madumu manne,” akasema Muuguzi.

Madumu yale yalikuwa kwenye kisanduku chini ya sakafu, pale mlingoti ulipokuwa umesimama, yamefungwa kwa mikanda. Kila moja lilikuwa la lita kumi na kifuniko chake kilipigwa lakiri nyekundu na wakaguzi wa mashindano. Yalikuwa maji ya dharura. Kukata lakiri bila dharura kuliadhibiwa kwa saa kumi na mbili, na hakuna mashua iliyowahi kushinda na adhabu hiyo. Kila kitu humo ndani kilikuwa na namba ya mwenyewe: Nahodha moja, Shemeji mbili, Sindano tatu, Muuguzi nne. Kijiko kilikuwa na namba, na kikombe, na koti la kuokolea, na dumu pia.

“Tusiyaguse kwanza,” Nahodha akasema. “Tuanze na chupa. Mvua inaweza kunyesha.”

“Kweli,” Sindano akasema. “Tusiyaguse.”

“Tuyaache,” Shemeji akasema kutoka sakafuni, meno yamekazana.

Muuguzi alifungua mdomo, akaufunga. Nahodha alishangaa jinsi walivyokubali upesi. Mashindano yalikuwa yamekwisha, adhabu haikuwa na maana tena, na alikuwa amejiandaa kubishana. Akadhani ni heshima. Alishukuru moyoni, kisha akajichukia kwa kushukuru, kwa sababu alijua jambo walilokuwa hawalijui.

Dumu namba moja lilikuwa tupu.

Alilitoboa mwenyewe, jioni ya mwisho bandarini, wakaguzi walipokwisha kwenda. Alipasha moto ncha ya bisibisi, akatoboa chini ya dumu ambapo hapaonekani, akaacha maji yatiririke kwenye karo la gati, kisha akaziba tundu kwa gundi ya kukarabatia mashua. Kilo kumi. Alikuwa amehangaika mwezi mzima na mizani yake ya kuning'iniza, ile yenye ndoano kama ya buchani, akipunguza gramu za miswaki, na hapa palikuwa na kilo kumi zimekaa bure. Alijiambia kwamba ni maji yake mwenyewe. Madumu matatu yangebaki, lita thelathini, na mashine ya maji ilikuwa mpya. Hakuwa akimdhulumu mtu.

Saa moja baadaye mdogo wake alikuja kuwaaga. Alimfungia mumewe zipu ya koti mpaka shingoni kama anayempeleka shule, akamgeukia Nahodha, dada yake. “Mrudishe kama alivyo, dada. Akipungua hata ukucha, usije kwangu.” Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Siku ya pili tangu mlingoti uvunjike, Sindano alitengeneza tanga. Alichukua ule mti uliomvunja Shemeji, akausimamisha kwenye kisiki cha mlingoti kwa kamba na kapi, akashonea tanga dogo la dhoruba, la rangi ya chungwa, ambalo sheria ililazimisha wawe nalo na ambalo Nahodha alilinung'unikia bandarini kwa uzito wake. Mashua ilianza kusogea, polepole kuliko mtu anayetembea.

“Tunaelekea wapi?” Sindano akauliza.

“Tunakifuata kifaa,” Nahodha akasema, kidole kikiwa kwenye dira. “Mkondo unakwenda magharibi, kaskazini kidogo. Wanaokitafuta watafika kilipo. Tukikipoteza, angalau tuwe njia moja nacho.”

Walikiona mara tatu siku ile, kidoa cha njano juu ya wimbi. Siku ya tatu hawakukiona tena.

Jua la huko halina mchezo. Chumbani palikuwa tanuri, sitahani palikuwa kikaango. Chumvi iliwakata makwapani na mapajani, midomo ikapasuka, na mate yakawa mazito mpaka kusema sentensi ndefu ikawa kazi. Muuguzi alitumia mtungi mdogo wa gesi kuchemsha maji ya bahari na kukinga mvuke kwa sufuria. Gesi iliisha walipopata kikombe kimoja na nusu. Shemeji alipewa chote. Homa ilikuwa imempanda na alitetemeka kwenye joto lile kama mtu aliyelala kwenye barafu.

Siku ya tatu saa sita mchana chupa ya mwisho ilibaki na vidole viwili vya maji. Muuguzi alitoka chumbani akakaa mbele ya Nahodha.

“Nimengoja vya kutosha,” akasema. “Anahitaji lita tatu kwa siku, kunywa peke yake. Na jeraha halijaoshwa tangu juzi. Leo tunafungua.”

“Tungoje jioni.”

“Jioni kuna nini?”

Nahodha alifikiri aseme, kisha akafikiri lita thelathini bado ni nyingi, labda wataanza na la pili au la tatu, labda meli itakuja kabla zamu ya lake haijafika. Mtu mwenye aibu huhesabu vizuri sana. Akashuka nao chumbani, akainua ubao wa sakafu, akaingiza mkono akafungua mkanda uliokuwa karibu zaidi. Ulikuwa wa namba tatu. Akavuta, akajiandaa kwa uzito, na dumu likaruka juu mkononi mwake mpaka akaanguka kitako.

Lakiri ilikuwa nzima, nyekundu, haijaguswa.

Alilitikisa. Halikutoa sauti yoyote. Alipoligeuza chini waliona kitundu kidogo kama cha sindano ya kushonea tanga, kimezibwa kwa gundi safi, kazi ya fundi.

Sindano alikuwa amesimama mlangoni. Urefu wake wote ulijikunja. “Lilikuwa langu,” akasema. “Namba yangu. Nilijua yapo mengine matatu.” Akafunika uso. “Namba tatu tu. Wallahi, sikugusa la mtu.”

Nahodha hakumtazama. Alifungua mkanda wa namba mbili. Nalo lilikuja jepesi, na chini yake palikuwa na tundu la mviringo, laini, la keekee nyembamba.

“Hilo ni mimi,” Shemeji akasema kutoka kitandani. Homa ilikuwa imempandisha sauti. “Nilitaka kukufurahisha, shem. Ulikuwa unaumwa na uzito. Nikasema nikikupa kilo kumi bila wewe kujua, tukishinda nitakwambia kwenye sherehe, tucheke.”

Sasa Muuguzi alikuwa ameyafumba macho. Nahodha alitoa dumu namba moja mwenyewe, akaliweka sakafuni, akalipindua. Alama ya bisibisi ilikuwa pana na mbaya, imeungua pembeni.

“Langu,” akasema. “La kwanza kabisa, nadhani. Wakaguzi walikuwa ndiyo kwanza wametoka getini.”

Maji yalipita chini ya mashua, kwa kiburi, maji ya kila upande na hata tone moja si la kunywa. Watu wanne walikuwa wameiba kila mmoja kwake mwenyewe, kwa siri, kwa akili, na kila mmoja aliwategemea wengine watatu wawe waaminifu. Nahodha aliona kicheko kikimpanda kooni na akajua kikitoka hakitakuwa kicheko.

“Namba nne,” akasema.

“Nilitumia bomba la sindano,” Muuguzi akasema, macho bado yamefumbwa. “Mililita hamsini kila mvuto. Nilivuta mara mia moja. Kisha mkono ulichoka, na nikawa nafikiria wodini. Mgonjwa wa kwanza niliyempoteza alikufa kwa kukaukiwa. Nikaacha. Sikuweza kumaliza.”

Dumu namba nne lilitoka zito nusu. Ndani lilicheza na kugonga, sauti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia tamu kiasi kile.

Lita tano. Watu wanne, mmoja ana homa, na bahari isiyo na ukingo.

“Maji yakimwagika hayazoleki,” Sindano akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mlingoti uvunjike, alilia wazi wazi.

“Hayazoleki,” Nahodha akasema. “Lakini haya hayajamwagika.” Akachukua kisu akakwangua namba nne kwenye dumu mpaka plastiki ikabaki nyeupe. Kisha akaitoa mizani yake ya ndoano. Aliitundika darini, akaning'iniza kikombe, akamimina mpaka mshale ukafika gramu mia na hamsini. “Hiki asubuhi, hiki jioni. Shemeji mara mbili. Ni amri, si ombi.”

“Na jeraha?” Muuguzi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. “Nimnyweshe au nimwoshe? Vyote viwili siwezi. Nikiliosha vizuri leo na kesho, mguu una nafasi. Lakini maji hayatafika kesho kutwa.”

Alitakiwa Nahodha ajibu, si mwingine. Alimtazama Shemeji, na Shemeji alimtazama kwa macho ya homa, hana utani hata chembe.

“Mnyweshe,” Nahodha akasema.

Siku ya nne ilipita bila wingu. Siku ya tano mawingu yalikuja, na hiyo ikawa mateso zaidi. Mvua ya kwanza ilinyesha wanaiona, pazia la kijivu umbali wa nusu maili. Sindano alikaza tanga mpaka kamba zikalia, lakini mvua ilitembea upesi kuliko wao. Ya pili ilipita nyuma. Ya tatu iliwapata alasiri. Walikuwa wametandaza tanga la akiba, pembe nne zimefungwa juu, katikati pamebonyea juu ya ndoo.

“Usinywe ya kwanza,” Nahodha akapaza sauti. “Acha ioshe chumvi. Hesabu hadi mia.”

Walihesabu, midomo wazi kuelekea angani, na Sindano alifika sabini na nne tu akaanza kulamba kitambaa. Hakuna aliyemkaripia. Mvua ilikatika kabla hawajaridhika. Kwenye ndoo palikuwa na lita sita na kitu, zina ladha ya plastiki.

Muuguzi alichukua lita moja akaosha jeraha. Alipotoka chumbani alikwenda moja kwa moja hadi ncha ya nyuma, akashika kisiki cha reli, akakaa hapo. Nahodha alimfuata.

“Lina harufu,” Muuguzi akasema. “Vidole vimebadilika rangi. Nimemfunga. Akifika kwa daktari ndani ya siku tatu, ataishi.”

“Na mguu?”

“Nimekwambia ataishi.”

Zamu ziliendelea. Hilo ndilo lililowashika wasipasuke: saa nne usukani, saa nne pumziko, kama vile mashindano yapo. Aliyepumzika alimpepea mgonjwa kwa kifuniko cha kisanduku. Hawakuhamisha mizigo tena kutoka upande hadi upande, na mashua ilikwenda imeinama kama punda aliyechoka. Kijiko kilichokatwa kilipata kazi yake: kilikuwa kidogo vya kutosha kumtilia mgonjwa maji pembeni mwa mdomo bila tone kupotea. Shemeji alipofumbua macho akakiona, alinong'ona, “Nilisema ni cha dawa ya mtoto,” kisha akazama tena kwenye homa.

Siku ya saba alianza kuongea na mkewe. Alimwambia afunge dirisha, mvua inaingia. Nahodha, aliyekuwa zamu ya kumpepea, alijibu, “Nimefunga,” kwa sauti ya mdogo wake kadiri alivyoweza, na mgonjwa akatulia. Alipotoka sitahani alimkabidhi Sindano kikombe chake cha jioni, kimejaa. “Mpe yeye,” akasema. Sindano alikirudisha.

“Hapana, Nahodha. Ukianguka wewe, dira ataisoma nani? Tumeshaona mambo ya mtu kuamua peke yake kuhusu maji.”

Akanywa, huku Sindano akimtazama hadi mwisho.

Meli ilitokea siku ya nane, saa nne asubuhi. Kwanza walidhani ni wingu, kisha ni macho. Ilikuwa ya mizigo, imepakia makontena mpaka juu, na ilikuwa ikifanya jambo ambalo meli za mizigo hazifanyi: ilikwenda, ikapinda, ikarudi, kama mtu aliyedondosha ufunguo kwenye majani. Sindano alipanda juu ya mti wake akalifungua tanga la chungwa, akalipeperusha kwa mikono miwili. Muuguzi alipiga sufuria, ingawa hakuna masikio ambayo yangesikia. Nahodha alishika usukani akaielekeza mashua kwenye njia ya meli, na hakuthubutu kuomba, kwa kuwa aliona hana haki.

Honi ililia mara moja, ndefu.

Baadaye waliambiwa kwamba meli ilikikuta kifaa cha njano siku mbili kabla, kinapepesa peke yake, na nahodha wake alikuwa karibu kuendelea na safari. Ila aliupima mkondo, akaamua kutafuta siku mbili zaidi kwenye mstari ule ule. Rangi ya chungwa ndiyo iliyomwonyesha.

Walimpandisha Shemeji kwa machela. Baharia mmoja aliwashushia katoni ya maji, chupa ishirini na nne, akazitupa sitahani kama kitu kisicho na thamani. Watu watatu waliketi kuizunguka. Hakuna aliyefungua ya kwanza mpaka Muuguzi alipochukua moja, akaifungua, akampa Sindano. Sindano akafungua nyingine akampa Nahodha. Nahodha akafungua ya tatu akampa Muuguzi. Ndipo wakanywa.

Hospitali walikofikishwa na meli ilikuwa na korido ndefu ya vigae vya kijani, benchi la mbao, na mwishoni bomba lenye vikombe vya plastiki. Madaktari waliukata mguu chini ya goti usiku ule ule walipofika, na asubuhi ya tatu Shemeji aliweza kuketi. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Nahodha alisimama miguuni mwa kitanda, hajui aweke wapi mikono.

“Shem,” Shemeji akasema, “ulitaka mashua iwe nyepesi. Nimejitolea kilo tano.”

Alicheka peke yake. Alipomwona Nahodha ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na mabega yanatikisika, aliacha.

“Njoo ukae,” akasema. “Kamati ya mashindano wametuma mtu asubuhi na fomu. Wanauliza nani alimwaga maji ya dharura. Wameweka mstari mmoja tu wa kujaza. Nimeandika langu, Sindano akaandika lake pembeni, Muuguzi akaandika juu. Limebaki lako, na nafasi imekwisha, itabidi uandike nyuma.”

Aliandika nyuma. Kisha alitoka kwenda koridoni, kwa sababu mdogo wake alikuwa amefika na alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, anangojea kuingia. Alikuwa ameambiwa kuhusu dhoruba na mlingoti. Hakuwa ameambiwa zaidi.

Nahodha hakukaa. “Uliniambia nisije kwako akipungua hata ukucha,” akasema. “Nimekuja. Dhoruba ilimvunja mguu, lakini haikuuondoa. Mguu ungepona kama tungekuwa na maji ya kuuosha. Nilimwaga maji yangu bandarini, lita kumi, ili mashua iwe nyepesi. Saa moja kabla hujaja kutuaga. Nilipokuwa nikikukumbatia mikono yangu ilikuwa bado inanuka gundi. Na nilipoulizwa anyweshwe au aoshwe, mimi ndiye niliyejibu. Wengine nao walimwaga, hata yeye. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kupima hivyo.”

Midomo ya Nahodha ilikuwa bado na nyufa, na alipomaliza kusema ufa mmoja ulifunguka ukatoa damu kidogo.

Mdogo wake aliinuka. Nahodha alidhani anakwenda zake wodini. Alikwenda hadi mwisho wa korido, akafungua bomba, akajaza kikombe mpaka kikamwagikia vidole, akarudi nacho taratibu kwenye vigae, akamwekea dada yake mkononi.

“Kunywa kwanza,” akasema. Sauti yake haikuwa ya msamaha, wala haikuwa ya kufukuza. “Kisha ukae hapa uniambie upya, tangu mwanzo, na usiruke kitu.”

Nahodha alikunywa chote. Mdogo wake alimpokonya kikombe, akaenda kukijaza tena.